Kutia rangi vipande vya pamba safarini, Mtwara hadi Kilwa: niandae nini nyumbani, nibebe nini?

Bandi_Shangani

Habari zenu wadau wa sindano na sufuria.

Naandaa safari ya mwezi wa saba: Mtwara mjini, Mikindani, kisha nipande Nanyamba na Tandahimba hadi Newala, niteremkie Masasi, nije Lindi, nimalizie Kilwa Masoko. Nataka kila kituo kinipe vipande vichache vya amerikani vilivyotiwa rangi kwa kitu kinachopatikana palepale, halafu vyote viungwe kwa mkono viwe shuka moja la viraka lenye bitana ya kanga. Rangi za dukani sizitaki kwenye kazi hii.

Vifaa vilivyopo ni mizani ya jikoni inayosoma gramu, sufuria ya alumini ya lita tano, jiko la mkaa na ndoo mbili. Kitambaa kipo, mita tatu, upana sentimita 90, hakijakatwa wala kufuliwa.

Naomba kujua kazi ipi ifanyike nyumbani na ipi inawezekana njiani. Pia mimea ipi ya huku kwetu inashika pamba na kudumu. Nimewaza gome la mkoko, mkorosho, manjano na rozela. Hili la kwamba chumvi na siki hukaza rangi lina ukweli kiasi gani? Na vipande viwe na ukubwa gani ili kanga moja itoshe nyuma bila kuungwa?

Cherehani_Ligula

Dada, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Usikate chochote mpaka kanga ifuliwe. Kanga mpya ina wanga na haijarudi (haijanywea) bado. Iloweke usiku kucha, ifue kwa maji ya moto mara mbili, ianike, ipige pasi, ndipo upime.

Dukani kanga moja huwa karibu sentimita 150 kwa 110. Tuseme ikishafuliwa unapata 146 kwa 106. Toa sentimita moja kila ubavu, zinabaki 104. Gawa kwa nne: kila kiraka kikishashonwa kiwe 26. Mshono unakula sentimita moja kila upande, kwa hiyo unakata 28 kwa 28. Viraka vinne kwa upana na vitano kwa urefu ni ishirini. Urefu wake utatoka 130, na ukijumlisha posho ya mshono juu na chini ni 132, maana yake kanga itazidi sentimita saba kila mwisho. Saba hizo zikunje zije mbele ziwe pindo. Vipimo vyako vikitofautiana na hivi, fuata hesabu, achana na namba zangu.

Ongeza vipande vinne vya kujaribia, jumla 24. Upana wa 90 unatoa vitatu kwa mstari (84), hivyo unahitaji mistari minane, sentimita 224. Mita tatu zinatosha hata kitambaa kikirudi. Hatari iko kwenye upana: amerikani ikirudi ikawa chini ya 84, kata 27 badala ya 28 na kanga uipunguze. Ndiyo maana amerikani nayo inafuliwa kwanza, kisha inakatwa.

Usikate kwa kufuata ukingo wa kitambaa, maana amerikani mara nyingi imevutwa kiwandani na imepinda. Shika uzi mmoja wa mkingamo (unaokwenda kwa upana) kwa ncha ya sindano, uchomoe polepole; utaacha mfereji mwembamba ulionyooka kabisa. Mkasi upite humo. Kazi hiyo inachosha macho, lakini kiraka kilichokatwa upogo hakitakaa sawa na wenzake hata ukipige pasi kutwa.

Kabla ya sufuria, pingilia kingo za kila kipande kwa uzi wa pamba, mishono mikubwa tu, la sivyo kitachambuka kikichemka. Alama za vituo zishone pembeni kwa uzi mweupe wa polyester: mshono mmoja Mikindani, miwili Tandahimba, na kuendelea. Polyester haipokei rangi za mimea, kwa hiyo alama itabaki nyeupe hata kipande kikiwa cheusi. Karatasi na kalamu havivumilii sufuria.

GomeNaMajani

Kufua, kutia tanini (ukakasi wa mimea) na kutia shabu (alum, ya kushikisha rangi), yote yafanyike nyumbani. Njiani beba vipande vikavu vilivyokwisha kuandaliwa, kazi yako iwe kupika rangi tu. Anayejaribu kufanya yote njiani anaishia kuomba ndoo sita za maji kwenye nyumba ya watu, na bado kitambaa kinatoka na mabaka kwa sababu hatua zilikimbizwa.

Uzito kwanza. Amerikani ya kawaida ina kama gramu 150 kwa mita ya mraba, hivyo vipande 24 vya sentimita 28 ni karibu gramu 280. Pima vyako vikiwa vikavu kabisa. Hapa natumia 300 ili hesabu iwe nyepesi.

*Kufua.* Hapa sufuria yako ya alumini iache kando. Magadi yanakula alumini: sufuria inageuka nyeusi, na weusi huo unahamia kwenye kitambaa. Azima ya stili au ya enameli ambayo haijabanduka. Weka maji lita 10 hadi 12, magadi gramu 15 na kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya mche iliyoparuzwa. Magadi yayeyushe pembeni kwa maji ya moto na uyachuje, maana yana mchanga. Ukipata soda ash (soda ya kufulia) safi, gramu 6 zinatosha. Moto mdogo saa moja na nusu, ukigeuzageuza. Maji yatageuka ya njano iliyofifia au kahawia. Hiyo ni nta na mafuta ya pamba pamoja na wanga wa kiwandani. Yakiwa machafu sana, mwaga urudie. Jaribio lake: kipande kikishakauka, dondoshea tone la maji. Likizama papo hapo, kimeiva. Likikaa juu hata sekunde mbili, bado kina nta. Mabaka mengi ambayo watu hulaumu rangi chanzo chake ni hapa.

*Nani anahitaji shabu.* Vipande vya kahawia na kijivu havihitaji. Gome la mkoko na la mkorosho yamejaa tanini, ule ukakasi unaokaza ulimi, na tanini hushika pamba yenyewe. Vya njano ndivyo vinavyohitaji shabu, na shabu peke yake haikai vizuri kwenye pamba. Inataka tanini itangulie. Tenga vipande 12 vya njano, kama gramu 150.

Kwa vipande hivyo 12, chukua majani makavu ya mwembe gramu 150, lita tano za maji, chemsha dakika 45, chuja. Maji yakipoa hadi mkono uvumilie, tumbukiza vipande vilivyolowa, viache saa mbili au hadi asubuhi. Kamua, usisuuze. Sasa yeyusha shabu gramu 22 kwenye nusu lita ya maji ya moto, na soda ash gramu 3 kwenye kikombe kingine. Mimina soda kwenye shabu kidogo kidogo. Itatoa povu, subiri litulie ndipo uongeze. Ukiimwaga yote kwa mkupuo, shabu inaganda kuwa unga mweupe unaotua chini, na kitambaa hakipati kitu. Ongeza maji vuguvugu hadi lita tano, tumbukiza vipande, geuza mara kwa mara saa la kwanza, kisha viache vilale humo. Hapa sufuria ya alumini haina tatizo. Asubuhi suuza kwa maji mengi mara moja, anika kivulini. Shabu isiyosuuzwa inabaki kama vumbi juu ya uzi. Rangi inakaa kwenye hilo vumbi na kutoka nayo ukisugua.

Vikikauka vifunge kwenye mfuko wa kitambaa. Mfuko wa plastiki kwenye joto la pwani unaleta ukungu. Kabla ya kupika rangi, viloweke kwenye maji matupu nusu saa au zaidi. Kipande kikavu kikiingia kwenye rangi, mikunjo yake inabaki imeandikwa humo.

Chumvi na siki: kwa rangi za mimea kwenye pamba, hapana. Chumvi inasaidia baadhi ya rangi za viwandani kuhama kutoka kwenye maji kwenda kwenye uzi, na sifa hiyo ikahamishiwa kwa mimea bila sababu. Siki ina kazi kwenye sufu na hariri. Kwenye pamba yenye shabu, siki inaweza hata kulegeza ile shabu uliyoihangaikia.

MamaNdoro

Wa kwangu, umeulizia mkorosho, na safari yako yote inapita kwenye mikorosho, basi nianzie hapo. Korosho ina maganda mawili na usiyachanganye kamwe. Ganda gumu la nje lina mafuta makali yanayounguza ngozi na kuacha malengelenge. Hilo halifai kwa rangi, wala usilitumie kama kuni chini ya sufuria, maana moshi wake unawasha macho na kifua. Linalofaa ni lile jembamba la ndani, la hudhurungi, linalobanduliwa kwenye punje baada ya kubangua na kukausha. Kwa wabanguaji wadogo huwa ni taka, utapewa.

Lakini likague. Chukua konzi moja, libane ndani ya karatasi nyeupe na uligandamize kwa nguvu kwa kiganja ukiwa umevaa glavu. Karatasi ikibaki kavu, ni safi. Ikitoa doa la mafuta, kuna vipande vya ganda la nje vimo. Pepeta tena na uchague, au liache. Mafuta hayo yakiingia kwenye sufuria yanaelea juu na kuacha alama nyeusi zisizotoka, mbali na kukuumiza mikono.

Kipimo: maganda membamba sawa na uzito wa kitambaa. Vipande vinne ni karibu gramu 48, basi gramu 50 za maganda kwa lita mbili za maji. Loweka usiku. Asubuhi pasha kwa saa moja bila kuchemsha: moshi uwe unapanda na vipovu vidogo vionekane pembeni ya sufuria, basi. Ukichemsha kwa fujo rangi inakuwa kavu na chafu. Chuja kwa kitambaa, tumbukiza vipande, weka kwenye moto huo huo mdogo saa moja, epua, viache vipoe humo humo. Vinatoka hudhurungi yenye wekundu. Ukivitaka vikolee zaidi, vikaushe kisha uvirudishe. Mizamo mitatu myepesi inapita mzamo mmoja mzito.

Gome la mkorosho nalo linafaa, uchukue la matawi yaliyopogolewa tu. Kipimo chake ni mara mbili ya kitambaa. Mwezi wa saba wakulima wanapuliza salfa kwa ajili ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), kwa hiyo gome lisuuze vizuri kabla ya kulikata, na usijisugue macho.

Mkoko. Gome lake linatoa kahawia nyekundu nzuri sana, na mkandaa ni hivyo hivyo. Ila mikoko ni misitu ya hifadhi, kuivuna kunataka kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na pale Msimbati uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma. Mti uliosimama usiubandue. Ukilizungusha gome lote, mti unakufa. Chukua magome yanayodondoka kwenye boriti zilizovunwa kihalali, pale zinapochongwa kwa ujenzi. Gome kavu liwe mara mbili ya kitambaa, lipondwe, lilowe usiku, lipikwe kama maganda ya korosho. Usitupe gome baada ya mara ya kwanza, kwani maji ya pili bado yana rangi ya kutosha kwa vipande viwili vitatu. Usipopata la halali, acha; mkorosho unakupa rangi inayokaribiana nayo.

Mikindani tafuta makumbi mabichi ya nazi. Yakate vipande vidogo, mara tatu ya uzito wa kitambaa, yapike saa moja na nusu. Yanatoa rangi ya mchanga yenye uwaridi kwa mbali.

Njano chukua kwa majani ya mwembe, hapa Lindi utachuma popote kwa kuomba: mabichi yaliyokomaa, mara mbili ya kitambaa, kwenye vile vipande vyenye shabu. Masasi pita sokoni uombe maganda ya vitunguu maji. Nusu ya uzito wa kitambaa yanatosha, na vipande vyenye shabu vinatoka dhahabu iliyokolea.

Manjano yanashika pamba haraka na kupendeza siku ya kwanza, lakini jua linayala. Tena ukifua kwa sabuni kali yanageuka mekundu, hadi uyarudishe kwa maji ya limau. Kwenye shuka usiyatie. Rozela vilevile: inaingia zambarau, inatoka kijivu. Na vile vipakti vya rangi ya unga vya kutilia ukili vya wasuka mikeka usishawishike navyo. Ni vya ukindu na milala, kwenye pamba vinachuja kila ufuapo.

Mwana_wa_Tandahimba

Mawili tu kutoka juu huku.

Maji. Uwanda wa Makonde hauna visima vya karibu, watu wanategemea matangi ya mvua na maji ya bomba yanayopandishwa kutoka bondeni. Mwezi wa saba ni kiangazi, tangi la mtu ni akiba yake mpaka mvua za mwisho wa mwaka. Kwa hiyo pika vipande vichache: vipande vitatu ni gramu 36, lita moja na nusu inavitosha. Maji ya kusuuzia nunua, usiyaombe. Kwa upande wa rangi, maji ya mvua ya huku ni bora kuliko ya visima vya pwani, ambayo yana chokaa na mara nyingine chumvi. Chokaa inafanya sabuni igande kuwa utando, na utando ukinata kwenye kitambaa rangi haipiti hapo. Ukifulia Mtwara, tumia maji ya mvua au ya bomba kwa hatua ya sabuni.

Pili, kuanika. Usianike kipande chenye tanini kwenye waya wenye kutu wala juu ya bati kuukuu. Palipogusa kutu panakuwa na mstari mweusi ambao hautoki. Beba kamba ya katani au ya nailoni, mita tano, uifunge kivulini. Pasi ya mkaa yenye kutu ndani nayo ina tabia hiyohiyo ikidondosha.

Bandi_Shangani

Shikamoo mama MamaNdoro, na asanteni nyote. Magome nitachukua ya mkorosho tu, mikoko naiacha.

Hilo la kutu limenipa swali: nikiutaka weusi huo kwa makusudi, kijivu na karibu na nyeusi, kwa vipande vinne au vitano, unatengenezwaje bila kuharibu kitambaa? Na Kilwa nifanye nini, nikishafika na rangi zote nimeshazipika?

MamaNdoro

Marahaba mwanangu. Hilo la kutu mwachie Gome, analijua.

GomeNaMajani

Maji ya kutu yaanze leo kwa sababu yanahitaji muda. Misumari yenye kutu gramu 200, siki nyeupe nusu lita, maji lita moja, ndani ya dumu la plastiki. Kifuniko kilegee, maana gesi inatoka. Siku saba hadi kumi yatakuwa ya rangi ya chungwa au kahawia. Chuja, beba robo lita kwenye chupa ya plastiki isiyojaa.

Kwanza kipande kiwe kimeshapikwa kwenye korosho au makumbi na kimesuuzwa. Kiwe kimelowa sawasawa. Kwenye ndoo weka maji lita mbili na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya kutu. Zamisha kipande kikiwa kimekunjuliwa, kitembeze bila kusimama. Kitabadilika mbele ya macho yako: kahawia inapoa, inaingia kijivu kuanzia kingoni kwenda katikati. Dakika moja au mbili, toa, kitikise hewani dakika kumi. Ukitaka kiwe cheusi zaidi, rudia mzamo mfupi; usikiache kikae. Weusi hautokani na chuma kuwa kingi, unatokana na chuma kukutana na tanini. Tanini ikiisha kwenye uzi, chuma cha ziada kinabaki kama kutu tu, cha rangi ya chungwa. Hapo rudisha kipande kwenye maji ya korosho nusu saa, ndipo kitazidi.

Chuma kinachobaki kinakula pamba. Kipande kinaonekana kizima, na baada ya muda kinachanika chenyewe pale palipo peusi zaidi. Suuza mara mbili, mara ya tatu tia nusu kijiko cha chai cha magadi kwenye lita tatu za maji ili kuua ile siki, kisha suuza tena kwa maji matupu.

Kazi ya chuma iwe ya mwisho siku hiyo, na ndoo, kijiko na glavu zake viwe peke yake. Kijiko kimoja kilichogusa chuma kikiingia kwenye rangi ya mwembe, njano yote inageuka kijani chafu.

Kilwa_Pwani

Kilwa usipike, shona. Sababu ipo pale kisiwani: wachimbaji wa mambo ya kale walipata Kilwa Kisiwani vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ndivyo vizito vya vijiti vya kusokotea uzi. Pamba ilisokotwa hapo zamani. Kwa mtu wa kazi yako, duara lenye tundu katikati ni alama inayostahili kiraka kizima. Chora kwa kutumia kikombe na kitufe, darizi kwa uzi wa pamba wa rangi ya korosho juu ya kijivu.

Alama nyingine ni bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa, magofu ya kasri pale pale kisiwani. Ukitaka pembe nane iliyo sawa ndani ya kiraka cha sentimita 26, pima sentimita 7.6 kutoka kila kona kwenye kila upande, weka nukta nane, unganisha zinazotazamana kwenye kona. Hakuna haja ya vifaa vingine.

Kibali cha kuvuka unakipata Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Magofu haya pamoja na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Usiokote kigae, shanga wala kipande cha chokaa, hata kiwe kidogo namna gani. Penseli na daftari vinatosha.

Kwa Mikindani chora milango ya nakshi ya nyumba za zamani. Boma la Wajerumani la 1895 nalo lina matao yanayochoreka kirahisi. Kwa Newala chukua mistari ya pembepembe ya chale za Wamakonde. Mistari hiyo ni ya kufuata kwa bandi (sindano ikiingia na kutoka mfululizo) moja kwa moja, kila pembe sentimita mbili kwenda juu na mbili kushuka.

Cherehani_Ligula

Naongezea kuunga. Panga viraka vyote ishirini sakafuni kwanza, mchana, si kwa taa. Rangi za mimea zinakaribiana, na kahawia mbili zilizokuwa tofauti juani zinakuwa moja zikikaa jirani. Tenganisha kwa kijivu.

Unga safu kwa safu. Bandi ndogo, mishono mitatu kwa sentimita, na kila sentimita tano rudi nyuma mshono mmoja. Uzi ukikatika siku moja, hautafumuka wote. Posho za safu ya kwanza zilaze kulia, za safu ya pili kushoto, ndivyo makutano yanavyokaa bila nundu. Usianze bandi ukingoni kabisa, anza sentimita moja ndani.

Katikati hakuhitaji pamba ya kujazia kwa hali ya hewa yetu. Shuka kuukuu jembamba linatosha, au usiweke kitu. Tandika kanga uso chini, juu yake shuka hilo, juu yake viraka uso juu. Shikiza kwa mishono mirefu kutoka katikati kwenda nje, kila sentimita kumi na tano. Ukianzia pembeni, kanga inajikusanya katikati na mkunjo wake hautoki. Kisha bandi za kudumu, nafasi ya sentimita nne. Vaa subana, tabaka tatu zinatoboa kidole. Mbavu zikunje ndani sentimita moja pande zote mbili na uzifunge kwa mshono wa kupingilia.

Jina la kanga liko kwenye upande mrefu. Ukilitaka lisomeke nyuma, bandi zipite juu na chini yake.

Bandi_Shangani

Swali la mwisho. Kanga niliyochagua ni nyekundu na nyeusi. Nitajuaje kuwa haitachuja kwenye viraka vya njano?

Cherehani_Ligula

Ijaribu baada ya ule ufuaji wa pili. Lowesha kona nyekundu, weka kipande cha bafta nyeupe juu yake, piga pasi ya moto mpaka vyote vikauke, funua. Fanya hivyo hivyo kwenye nyeusi. Bafta ikitoka nyeupe, endelea. Ikitoka na uwaridi, iloweke kanga tena usiku kucha kwa maji mengi, uifue na ujaribu upya. Baada ya mara nne ikiwa bado inachuja, hiyo haifai kuwa bitana, tafuta doti nyingine. Na likiisha, shuka lifuliwe kwa maji baridi na sabuni laini, bila dawa ya klorini, likaushwe kivulini likiwa limetandazwa. Ukilikunja bichi, hata kanga iliyofaulu jaribio inaweza kuacha alama.